Plutoniamu Kiganjani Mwangu

Ikiwa umeambiwa kwamba kuna kitu kimeingia mwilini mwako, na hapana mtu awezaye kukwambia ni kiasi gani, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mie sikumpata wa kunisimulia. Nilitafuta sana, na kila nilichosoma kilikuwa kimeandikwa na watu waliowapima wengine, si na aliyepimwa. Sasa dawa nimeachishwa, kidonda kimefunga, na naweza kukaa kitako nikayasema. Sitakuficha: mengi yake ni machungu.

Jina langu Rahma. Wazee wangu walizaliwa Unguja, wakaja Oman mie sijazaliwa, na mama yangu, Bi Zuwena, mpaka leo yuko Ibra anazungumza Kiswahili cha mjini kwao kama kwamba jana ndiyo kashuka. Mimi na mume wangu Khalfan tunakaa Nizwa. Yeye anasomesha skuli. Mimi nilikuwa fundi wa vyombo katika karakana ya kampuni moja nje ya mji, kwenye eneo la viwanda. Tulikuwa tukitengeneza na kusafisha vyombo virefu vya chuma vinavyoteremshwa ndani ya visima vya mafuta ili ijulikane mawe ya chini yana nini. Baadhi ya vyombo hivyo ndani yake mna kidonge cha chuma, na ndani ya kidonge mna kitu chenye mionzi. Vya siku hizi vina vitu vyengine. Vya zamani, vilivyolala ghalani tangu kabla sijaajiriwa, vilikuwa na plutoniamu.

Ilikuwa mwanzo wa kaidhi, msimu wa joto, tende za mwanzo zinaiva na kila mtu Nizwa hana mazungumzo isipokuwa rutabu, hizo tende laini zilizotoka mtini. Tuliletewa chombo kimoja kikongwe tukikague kabla hakijaondoshwa. Nilikuwa na Ami Mubarak, mtu wa Sur, aliyetuzidi sote kwa umri na aliyebakisha muda mdogo tu astaafu. Kiswahili chake kidogo alikipata kwa bibi yake, akipenda kukitumia na mimi ili wengine wasitufahamu tukiteta. Tuliambiwa kidonge cha chombo kile kilishatolewa zamani. Hakikutolewa. Kilipasuka humo humo kikakwama. Nilipotia mkono kufungua kifuniko, uchuma mwembamba kama mwiba ulipenya glavu ukanichoma kiganja cha kushoto, chini ya dole gumba. Ami Mubarak akaona mdomo wa chombo umejaa vumbi, akachukua bomba la upepo akalipuliza, kama tulivyozoea kufanya kwa vyombo vyote. Akakohoa, akacheka, akasema, "Hili vumbi la tangu babu yangu."

Nilikosha kidonda nikabandika plasta. Kibeji cha mionzi nilichokivaa kifuani hakikuonesha kitu siku ile, wala baadaye. Nilikuja kuelewa kwamba mionzi ya plutoniamu haipenyi hata karatasi. Ikiwa nje ya mwili haina nguvu juu yako. Balaa lake ni ikishaingia ndani, maana haitoki kwa urahisi. Inakwenda kukaa kwenye ini na kwenye mifupa na kubaki huko.

Hiyo ilikuwa Alkhamisi. Jioni tulipakia gari tukenda Ibra kwa mama, mimi na Khalfan na binti yetu Thuraya. Thuraya alikuwa hajatimiza mwaka. Tulimngoja miaka mingi, tukazunguka kwa madaktari hata jamaa wakaona haya kutuuliza. Siku mbili zile za mapumziko nilimnyonyesha, nilimkosha, nilimlaza juu ya mkono wenye plasta. Nilimkandia mama unga wa mkate kwa kiganja hicho hicho.

Jumapili niliporudi kazini nilikuta mlango wa karakana umezungushiwa utepe. Mashine ya kukagulia ililia asubuhi ile mezani, ikalia sakafuni, ikalia kwenye kitasa cha mlango. Wakanipitishia mimi. Ikalia juu ya plasta.

Kila mmoja wetu alitiwa chumba chake, akavuliwa nguo, akaoshwa, akapewa kanzu ya karatasi. Mchana akafika daktari kutoka Maskati, mwanamke wa makamo, Dokta Ilham, ambaye kazi yake ni kukadiria mionzi iliyomo ndani ya miili ya watu. Akakaa mbele yangu, akaniuliza kwa Kiarabu jina langu, kazi yangu, nilichomwa vipi. Kisha akaitazama kanzu yangu ya karatasi. Ilikuwa imeroa kifuani.

"Unanyonyesha?"

"Ndiyo."

"Na tangu Alkhamisi umemnyonyesha?"

"Mpaka asubuhi hii."

Aliteremsha macho. Nimewaona wengi wakiteremsha macho mbele yangu baada ya hapo, lakini yeye ndiye wa mwanzo.

"Usimnyonyeshe tena," alisema. "Na maziwa usiyamwage. Tunayahitaji."

Jioni ile Khalfan alimchukua mtoto akampeleka Ibra kwa mama, mie nikapelekwa hospitali Maskati. Sikuruhusiwa kumbusu. Nilimuona kwa mbali, ndani ya gari, ananinyooshea mikono, na Khalfan anahangaika kumfunga mkanda. Mama akanipigia simu kesho yake, sauti imemkauka.

"Hataki chupa huyu, mwanangu. Anatafuta kifua. Nimempa changu kikavu, akakitema, akanitazama kama aliyedanganywa."

Kifua changu kilijaa kikawa kama mawe. Muuguzi akaniletea mashine ya kukamulia, nikawa nakamua ndani ya vichupa vya plastiki vilivyobandikwa jina langu, vikachukuliwa kupelekwa maabara nchi ya nje. Nilikuwa nikiyatazama maziwa yale kabla hayajafunikwa. Yalikuwa meupe, yana harufu nzuri, na hayana dalili yoyote. Hapana kitu kilichonitia wazimu kama kule kukosa dalili.

Kiganja walinipasua nikiwa macho, mkono tu umetiwa ganzi. Daktari wa upasuaji alikata, kisha Dokta Ilham akaweka mdomo wa mashine ndogo juu ya kidonda, nasi sote tukasikiliza. Ilikuwa ikigonga haraka haraka. Akakata tena. Ikapunguza. Akakata tena. Nilikuwa nimeigeuza shingo ukutani nikisoma Ayatul Kursiyyu, na kila nikifika mwisho nasikia, "Bado." Nyama iliyotoka nayo ilitiwa kwenye kichupa ipimwe. Mwisho daktari wa upasuaji alisimama akasema akiendelea atakata mshipa wa dole gumba na sitaweza tena kushika kitu. Mashine ilikuwa bado inagonga, taratibu. Wakatazamana, wakafunga. Kwa hiyo nilijua tangu siku ile kwamba kuna kilichobaki.

Halafu zikaanza dripu. Ni dawa inayopita kwenye damu ikaishika plutoniamu kabla haijakaa mifupani, ikatoka nayo kwa mkojo. Mwanzo nilitiwa kila siku. Baadaye, niliporudishwa Nizwa, mara chache kwa wiki. Dawa hiyo haichagui sana, inachukua na madini mengine ambayo mwili unayataka. Nilikuwa nikitetemeka kwa baridi na nje jua linachoma. Mdomo ukawa na ladha ya sarafu. Ngozi inawasha, chakula kinanuka, miguu haina nguvu ya kupanda ngazi za nyumbani. Nywele hazikutoka hata moja. Watu wengine waliokuja kunitazama waliangalia mtandio wangu kwanza, na walipoona nywele zipo wakaanza kufikiri kwamba nazidisha.

Lililonidhalilisha zaidi ni kukusanya. Hawawezi kuiona plutoniamu iliyomo ndani yako. Wanapima inayotoka, kisha wanahesabu kwa kurudi nyuma mpaka siku iliyoingia, wakisie iliingia ngapi na imebaki ngapi. Kwa hiyo kila tone la mkojo wa kutwa na kucha lilitakiwa liingie kwenye galoni, na haja kubwa nayo ndani ya chombo chake, na vyote viwekwe baridi. Ukisahau mara moja, hesabu imeharibika, unaanza upya. Nilikuwa nikitoka kwenda kutoa pole msibani na galoni ndani ya mfuko wa sokoni. Khalfan ndiye aliyeyapeleka hospitali, ndani ya kasha la barafu tulilolinunua kwa ajili ya matembezi. Aliyabeba kwa mikono iliyonyooka, mbali na mwili wake.

Watu wa kampuni walikuja nyumbani wamevaa nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni, mchana kweupe, majirani wote wanaona. Wakabeba godoro la mtoto, abaya zangu, mazulia. Kwa mama Ibra walibeba sinia la kukandia unga. Mama na Khalfan walipimwa pia, wakakutwa hawana kitu, lakini hilo halikusaidia. Wifi yangu aliyekuwa akija kila Ijumaa akawa anapiga simu. Na Khalfan akahamishia godoro lake sebuleni, akasema anakoroma, hataki kunisumbua.

Siku moja nilimkabili. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Siku hizo alikuwa haingii, anasimama mlangoni.

"Sema unaniogopa," nikamwambia.

"Sikuogopi weye. Naogopa nisichokiona."

"Daktari kakwambia sikudhuru."

"Na kampuni ilisema karakana ile ni salama," akajibu, kisha sauti ikampanda. "Nilikwambia ukishazaa uache! Nilikwambia, Rahma! Tumekaa miaka yote ile tunamuomba Mungu, akatupa, na weye ukaenda kutia mkono kwenye kitu kile."

Nilikuwa na jibu, kwamba hata yeye aliufurahia mshahara ule, na kwamba kuchomwa na chuma si kosa. Lakini nilikuwa nimechoka sana kulitoa. Akaondoka mlangoni. Nikamsikia jikoni anakosha mikono, na alikuwa hajanigusa.

Chumba cha kungojea cha hospitali ya Nizwa nilikijua kuliko nyumba yangu. Mimi na Ami Mubarak tulichanganywa na wagonjwa wa figo, maana viti vyao vya kulala ndivyo vilivyofaa kwa dripu. Alikuwapo mama mmoja wa mlimani, Jabal Akhdar, mzee, kila akishuka kwa matibabu anachukua mfuko wa makomamanga. Hakuniuliza hata siku moja ninaumwa nini. Alikuwa akilipasua komamanga kwa vidole, ananitilia punje mkononi, mkono ule ule wenye bandeji, anasema kwa Kiarabu, "Kula, linarudisha damu." Na alikuwapo Shamsa, muuguzi kijana, wazee wake wa Pemba, Kiswahili chake kimechanikachanika lakini hakuacha kukitumia.

"Dada Rahma, mkono yako bado inauma?"

"Unauma, Shamsa."

"Ntakuletea blanketi ya moto. Leo we mweupe sana."

Blanketi lile la moto ndilo lililokuwa likinifanya nirudi wiki inayofuata. Nakwambia hivi kwa sababu na wewe utatafuta sababu, na pengine hutaipata kubwa. Ichukue ndogo.

Ami Mubarak alikaa kiti cha pili yangu. Kidonda yeye hakuwa nacho. Yake aliivuta kwa pumzi. Alikuwa akinichekesha kwa habari za wajukuu zake wa Sur na mashua zao za mashine zisizowaka. Lakini dawa ikianza kuingia anafumba macho, na midomo inamkauka kama mtu aliyefunga siku nyingi.

Joto lilipoanza kuvunjika tulipelekwa nchi ya nje kupimwa kifua. Unalazwa ndani ya chumba cha chuma kizito, mlango unafungwa, vyombo vinashushwa mpaka vinakaribia kugusa kifua chako, na unatakiwa usijitikise. Nilikuwa kama niliyetiwa kaburini na kuambiwa nipumue vizuri. Nilipotoka niliwaza kwamba sasa watajua. Dokta Ilham, aliyetusindikiza, alinikalisha akanieleza kweli.

"Si kama kupima sukari, Rahma. Sukari utaambiwa namba moja. Mimi nitakupa namba ambayo ndani yake mna kukisia kwingi. Iliingia yote siku moja au inavuja kidogo kidogo kutoka kiganjani? Ulivuta na hewa au hukuvuta? Kila jibu lina hesabu yake."

"Nipe uliyonayo."

Akanipa. Ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko kiwango anachoruhusiwa mfanyakazi maisha yake yote. Akasema maana yake si kwamba nitaumwa, maana yake ni kwamba uwezekano wa saratani umepanda, miaka mingi mbele, na hapana ajuaye. Nilisikia "saratani" peke yake. Nilirudi Oman nikimhesabu Thuraya: nitamuacha ana miaka mingapi.

Lakini hilo si lililonivunja. Mtoto naye alikuwa akipimwa. Mama alikuwa akizikusanya nepi zake Ibra, anazitia mifuko, zinapelekwa. Majibu ya maabara ya kitu hiki hayaji kesho. Wanachoma, wanayeyusha, wanatenga, wanaacha mashine ihesabu kwa muda mrefu, na wewe unangoja huku msimu unageuka. Tende zilishakusanywa, watu walishaanza kuvaa masweta asubuhi, ndipo Dokta Ilham akanipigia simu.

"Kwenye maziwa kuna kidogo sana, kama nilivyotarajia," akasema. "Kwenye nepi za mtoto pia kuna kitu."

Nilikuwa jikoni. Nilikaa sakafuni na simu mkononi, na sikumbuki aliyoyasema baada ya hapo, ila kwamba inawezekana ni uchafu wa nje, kutoka mkononi mwangu au kwenye nguo, na kwamba watampima tena kwa vifuko vya kubandika mwilini ili mkojo usiguse kitu chengine. Inawezekana. Nililishika neno lile, lakini lilikuwa halishikiki.

Nakuuliza wewe unayesoma: ungefanya nini? Mie niliacha kwenda Ibra. Nilijiambia kwamba mikono yangu ndiyo iliyomtia kitu kile, basi mikono yangu ikae mbali. Nilikuwa nikimuona mtoto kwenye simu tu. Alisimama, akatembea, akaota meno, mie niko Nizwa nakanda mkono wenye kovu nikiutazama. Dripu nikaanza kuzikosa. Shamsa ananipigia, sipokei. Niliona afadhali niache kile kilichobaki kifanye kazi yake upesi. Na neno hili sijapata kulisema mbele ya mtu: niliomba nife kabla majibu ya Thuraya hayajarudi.

Mama alikuja mwenyewe. Alimuamrisha mpwa wake amlete kwa gari kutoka Ibra, na miguu yake inamuuma, akaingia nyumbani kwangu amempakata Thuraya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka."

"Mama, usimlete karibu, nakuomba."

"Huyu mtoto jana kaniita mie mama," akasema, na midomo inamcheza. "Mimi bibi yake. Kaniita mama, na nimemjibu, kwa sababu hana mwengine wa kumjibu. Unataka kufa, kufa. Lakini usife na weye uko hai. Mshike mtoto wako."

"Majibu hayajarudi."

"Daktari kakukataza kumshika?"

"Hakunikataza."

"Basi nani kakukataza?"

Akaniwekea mtoto mapajani, akanigeuzia mgongo, akenda jikoni. Nilimsikia analia huko na kufungua mabomba ili nisimsikie. Thuraya alinitazama usoni kwa muda mrefu. Hakunijua. Alilia akajitupa nyuma, akanyoosha mikono kuelekea jikoni, na mie nikamshika hivyo hivyo, analia, nalia, hadi akachoka akalala kifuani mwangu, mahala ambapo hapana tena maziwa. Nilipoinua uso, Khalfan alikuwa mlangoni. Safari hii aliingia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wa miguu, akamfunika mtoto shuka. Mie hakunigusa. Lakini aliingia.

Kesho yake nilirudi kwenye dripu.

Msimu wa baridi wote ulipita tunangoja. Majibu yalikuja wakati wa mawaridi, ambapo watu wa Jabal Akhdar wanateremsha maji ya mawaridi sokoni Nizwa na mji mzima unanukia. Dokta Ilham alituita sote siku moja, mimi na Khalfan, na Ami Mubarak na mwanawe mkubwa, Nasser. Alituingiza kwa zamu. Mie na Khalfan tuliingia mwanzo.

"Mtoto hana kitu," akasema kabla sijakaa. "Tumepima tena na tena. Ile ya mwanzo ilikuwa uchafu wa nje ya nepi. Ndani ya mwili wake hatuoni kitu."

Khalfan alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamme. Akainama mpaka paji la uso likagusa meza ya daktari.

Na langu likaja pia. Dawa ilikuwa ikikamua nyingi zaidi kuliko hesabu ya mwanzo ilivyodhania, kwa hiyo ile iliyotoka iliwafanya wadhanie kwamba mwilini mna nyingi kuliko iliyomo. Hesabu ilirudiwa. Namba yangu ilishuka sana. Si sifuri, haitakuwa sifuri tena maisha yangu. Iko kiganjani, iko kwenye mifupa, nitazikwa nayo. Lakini ilikuwa namba ambayo mtu anaweza kuzeeka nayo.

Nilitoka nje uso umenijaa furaha, sikuweza kuuficha. Ami Mubarak aliniona, akasimama.

"Mtoto?"

"Hana kitu, Ami. Hana kitu!"

"Alhamdulillah, alhamdulillah," akasema, na machozi yakamtoka, wallahi yakamtoka, kisha akaingia yeye.

Alikaa muda mrefu ndani. Alipotoka, Nasser alikuwa amemshika mkono, na sikuhitaji kuambiwa. Yake ilipanda. Ile aliyoivuta ilikuwa ngumu, haiyeyuki. Imekaa mapafuni, na dawa haiifikii. Mkojo wake ulionekana safi kwa sababu ilikuwa haitoki, na kile kipimo cha kifua cha mwanzo hakikuinasa vizuri. Miezi yote ile tuliyodhani yeye ndiye mwenye nafuu, mambo yalikuwa kinyume. Alikaa kiti cha pili yangu kama kawaida. Nikainamisha uso kuificha furaha yangu kama kitu nilichoiba.

"Usinihurumie," akasema kwa Kiswahili, ili mwanawe asifahamu. "Mimi nimeshaona wajukuu."

Alirudi Sur. Mie nikaendelea na dawa mpaka kaidhi nyengine, kisha nikaachishwa. Kazi ile nimeiacha. Dole gumba langu halikunji vizuri, kifungo cha nguo ya mtoto hunishinda. Thuraya huniita mimi mama, na humwita bibi yake mama pia, na hatumsahihishi.

Tulikwenda Sur kumtazama Ami Mubarak mara kwa mara. Pumzi ilikuwa fupi, kikohozi hakimuachi. Mara ya mwisho, tulipobaki peke yetu barazani, mimi na yeye na Khalfan, alisema jambo linalomuweka macho. Hakuwa akiogopa kufa. Alisikia vijana wa mtaani wanasema maiti yake itafungwa ndani ya sanduku la madini ya risasi, bila ya kuoshwa.

"Nimemuuliza daktari," akasema. "Kasema nioshwe kama watu. Lakini nani atakayethubutu?"

Khalfan alitazama chini.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Moyo, walisema. Kama ni moyo peke yake, au ni moyo uliochoka kwa kazi ya mapafu, hapana anayeweza kutuambia, nami nimeacha kuuliza. Tulifika Sur adhuhuri. Wanawake walikuwa ndani, wanaume wamejaa uani, na mlango wa chumba cha kuoshea uko wazi, na hapana aliyeingia. Mwoshaji wa msikitini alikuwa ameitwa, akaja, akaambiwa habari, akasema atarudi, hakurudi. Nasser alikuwa amesimama kizingitini na sanda mkononi, amekunja mikono ya kanzu, hawezi kusogea mbele wala nyuma. Barua ya daktari, kwamba aoshwe kama kawaida, alishawasomea watu. Haikumsogeza mtu.

Nilikuwa dirishani na mke wa marehemu tunatazama. Nilimuona Khalfan anapita katikati ya wanaume wale. Alimfikia Nasser, akavua saa yake akaitia mfukoni.

"Maji yako wapi?" akauliza.

Nasser akamuonesha. Khalfan akainama, akaingia ndani, na Nasser akamfuata. Mlango ukafungwa. Mke wa Ami Mubarak alinishika kiganja, kile cha kushoto, akakibana kwa nguvu zake zote, nasi tukasimama pale pale, hata tukasikia maji yanamiminwa.